Pete Nane Kwenye Shamba la Uwele

Kwa miaka mingi niliitwa bibi shamba. Nilizunguka vijiji vya Chamwino na pikipiki ya ofisi, nikiwaambia watu waache kuberega. Kuberega ni kulikwangua shamba juu juu kwa jembe, majani yakauke, kisha unapanda bila kuupindua udongo. Niliwaambia huo ni uvivu. Nilikuwa na kijitabu mkononi, na kijitabu kilisema hivyo. Baada ya miaka kadhaa kikaja kijitabu kingine, kikisema kuupindua udongo mkavu ni kuuchosha na kwamba anayekwangua juu juu ndiye mwenye akili. Nikarudi kwa watu wale wale na kijitabu kipya. Mkulima mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama cha tatu nacho kiko njiani, ili asubiri kwanza ndipo alime.

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi mjini uso ulinichoma. Siku ile nilijiapiza kwamba sitabeba tena neno juu ya udongo huu lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuinamia. Nasimulia hayo kwanza ili ieleweke kwa nini, msimu ule wa pete, nilikuwa mbishi kiasi kile.

Nilikuwa nimehamishiwa kwenye mradi wa kupima hewa inayotoka kwenye udongo wa mashamba. Najua inavyosikika. Ndugu zangu wa Kondoa waliponiuliza kazi mpya ni ipi nikawaambia, walinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Basi nieleze, maana si jambo gumu.

Udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo vinakula kama sisi. Chakula chao ni mabaki ya mazao, samadi, mbolea ya dukani. Vikishiba hutoa hewa, na moja ya hewa hizo inaitwa nitrasi oksidi. Ni kidogo sana, huwezi kuinusa, lakini ikipanda juu inashika joto mara mamia zaidi kuliko hewa ukaa inayotoka kwenye moshi wa magari. Kila nchi inatakiwa kusema mashamba yake yanatoa kiasi gani. Nchi yenye maabara na watu wa kutosha inapima. Nchi kama yetu, kwa sehemu kubwa, inachukua namba moja iliyopatikana kwenye mashamba ya wengine, inaizidisha kwa samadi na mbolea inayodhaniwa kumwagwa, na jibu linaandikwa kana kwamba mtu alikwenda kuangalia.

Sisi ndio tulikwenda kuangalia. Shamba letu lilikuwa njia ya Buigiri, ekari mbili za mchanga mwekundu, mali ya mama mmoja mjane aliyekwisha kupita miaka sabini. Alilima uwele, na karanga pembeni. Alikuwa na ng'ombe wachache na mbuzi wengi, na kila mwaka kabla ya mvua alichota samadi zizini, akaibeba kichwani kwa kapu, akaitawanya shambani mwenyewe. Majirani zake wengi waliiacha samadi ikirundikana zizini hadi ng'ombe wakawa wanasimama juu ya kilima. Yeye alibeba. Uwele wake uliupita wa jirani kwa urefu wa mkono, na hakuona haya kulisema hilo.

Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo na kumweleza nilichokuja kufanya, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka kujua kama shamba langu linajamba?"

"Ndiyo, mama. Na linajamba kiasi gani."

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Kondoa."

"Aa." Akageukia mbuzi wake kana kwamba anawaeleza wao. "Hawa wa Kondoa waliuacha udongo wao wote ukaenda korongoni. Sasa wamekuja kunusa wa kwetu."

Tukaelewana tangu siku hiyo.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni pete ya plastiki pana kama mdomo wa ndoo kubwa, unaipigilia ardhini ibaki kimo cha vidole vinne juu. Ukitaka kupima, unaweka kifuniko kisichopitisha hewa, unasubiri, unavuta hewa ya ndani kwa bomba la sindano mara nne ndani ya nusu saa, na kila mvuto unauingiza kwenye kichupa cha kioo. Vichupa vinasafiri hadi maabara ya mbali, majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa. Tuliweka pete nane, zote kwenye eneo lililotiwa samadi.

Mama yule alitaka kujua kila kitu, nami sijui kumjibu mtu nusu nusu. Nilimweleza kwamba adui yetu mkubwa ni ufa. Upepo ukipenya chini ya pete, hewa tunayoitafuta inatoroka na kazi yote inakuwa bure. Nilipiga magoti nikamwonyesha kwa kidole mahali ambapo mchanga ulikuwa umeachana na plastiki. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeonyeshwa jeraha.

Kiangazi chote tulipima, na majibu yote yalirudi karibu na sifuri. Mratibu wa mradi, daktari wa mambo ya udongo mwenye umri wa mwanangu wa kwanza, alianza kunitilia shaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma sana kuhusu mashamba yenye mvua.

"Mama, una hakika vifuniko vinakaa sawasawa?"

"Vinakaa, Dokta. Udongo mkavu haufanyi kazi. Vijidudu vimelala. Subiri mvua."

"Na mvua ikija tukapata sifuri tena?"

"Tutaandika sifuri."

Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa shangazi yake.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwanzoni mwa Desemba, mchana, kwa kishindo, na asubuhi iliyofuata nilikuwa shambani kabla jua halijapata nguvu. Harufu ya udongo ule sitaieleza, anayeijua anaijua. Nilizikuta pete zimekaa imara kuliko nilivyoziacha. Nne kati yake zilikuwa kama zimeota kutoka ardhini. Nilifurahi, nikadhani mvua imeushindilia mchanga, nikaweka vifuniko. Nilipima siku tano mfululizo. Sikumwuliza mtu swali lolote. Kosa hilo ni langu, na nitalitaja kila ninaposimulia habari hii.

Majibu yalikuja Januari. Pete nne zilionyesha kwamba udongo uliamka siku mbili, ukatoa kidogo, ukalala tena. Pete nne nyingine zilipanda juu sana, zikabaki juu siku zote tano.

Mratibu aliniita ofisini akiwa na uso wa sikukuu. Alikuwa amechora mistari kwenye karatasi. "Unaona hizi nne za juu? Hizi ndizo zinazokaribiana na ile namba inayotumika kote. Maana yake tumefika mahali penyewe. Hizi nne za chini, samahani sana Mama, zilikuwa zinavuja."

Nilitazama mistari ile kwa muda mrefu. Shamba moja, samadi moja, mvua moja, halafu pete zinagawanyika makundi mawili kama watu waliogombana. Udongo haufanyi hivyo.

"Nipe siku moja," nikamwambia.

"Ya nini? Ripoti iko karibu, na kijitabu cha wakulima kinaisubiri."

"Kijitabu kinasema nini?"

Akanisogezea karatasi. Kiliandikwa kwa Kiswahili kizuri, sikatai. Kilisema kwamba kwenye ukanda mkavu samadi ya zizini isitawanywe shambani kabla ya mvua za kwanza, kwa kuwa inachangia gesi zinazopasha dunia joto. Kilishauri ibaki zizini hadi utaratibu mwingine utakapopatikana. Utaratibu wenyewe hakikuutaja.

Nilifikiria mchanga ule mwekundu bila samadi. Nisingehitaji maabara kujua mavuno utakayotoa. Na nilijua nani angekibeba kijitabu kile hadi Buigiri, akamsomea mama yule kwa sauti ya upole. Kilikuwa ndicho cha tatu, na kilikuwa njiani kweli.

Kesho yake nilifika shambani, nikapiga magoti kwenye pete mojawapo ya zile za juu, nikakwangua mchanga kwa kijiti. Chini yake kulikuwa na kitu kigumu, cheusi, laini kama sakafu. Kilizunguka pete yote, nje na ndani.

Mama alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. "Umeiona?" akasema, kwa fahari kabisa. "Hakuna upepo utakaopita hapo."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimezisiriba. Si ulikuja hapa unalia kwamba zina ufa? Mbuzi nao walikuwa wanazigonga kila siku. Nikachukua mavi mabichi ya ng'ombe, majivu, na udongo wa kichuguu, nikazisiriba kama tunavyosiriba nyumba. Nne tu, halafu kiuno kikakataa. Nilitaka nimalizie nyingine, mvua ikanikuta."

Nilikaa chini palepale mchangani. Yule mama alikuwa amenisikiliza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Nilimwambia ufa ni adui, akaleta dawa ambayo mikono ya watu wake imeitumia tangu walipoanza kujenga nyumba za tembe. Kuta zote zilizomzunguka zilikuwa ushahidi kwamba inafanya kazi. Ila alikuwa amevipikia vile vijidudu karamu ndani ya kifaa cha kupimia njaa yao. Tulichokipima siku tano kilikuwa siriba, kikisaidiwa na mvua. Shamba lilikuwa limekaa kimya kwenye zile pete nne alizokosa nguvu za kuzifikia.

Nilimweleza. Aliziba mdomo kwa kanga. "Kwa hiyo nimeharibu?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeona zimekaa imara nikafurahi badala ya kuuliza."

"Na sasa watasema samadi yangu ni mbaya?"

Sikutaka kumdanganya. "Wanataka kusema hivyo."

"Waje wale mchanga basi," akasema, akaenda kuwafukuza mbuzi.

Nilirudi mjini moja kwa moja. Mratibu alikuwa na mgeni, nikasubiri nje nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilipoingia sikukaa.

"Zile nne za juu zimesiribwa kwa mavi ya ng'ombe, Dokta. Mwenye shamba alitaka kutusaidia. Zifutwe. Zile nne za chini ndizo shamba."

Alivua miwani. Najua alichokuwa anakiona: msimu mzima unaanguka, na mbele yake mwanamke mwenye cheti cha kilimo anamwambia namba nzuri ni mbaya na namba mbaya ni nzuri.

"Tukisema hivyo, Mama, watauliza nani alikuwa analinda pete."

"Mimi. Andika mimi."

"Si lazima iandikwe. Nne za juu zinakubaliana na namba ya dunia nzima. Hakuna atakayeuliza."

"Namba hiyo ilipimwa wapi?"

"Sehemu nyingi."

"Dodoma?"

Akaanza kupanga karatasi zake upya.

"Kondoa? Kibakwe? Hata Makutupora, kwenye zabibu?"

"Mama, unajua jibu."

"Basi dunia nzima hiyo haina sisi ndani yake. Sijaja kuomba msamaha kwa sababu shamba la hapa halifanani na la huko. Lingefananaje? Sisi mvua yetu inakuja mara chache, inaondoka. Udongo unaamka, unakula upesi, unalala. Ndivyo zile nne zinavyosema. Ukizifuta, mimi jina langu halimo kwenye ripoti hiyo, na kijitabu hicho utampa mtu mwingine akibebe. Na nikikutana naye njiani nitamwambia nilichokiona."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Karani wa chumba cha pili aliacha kugonga mashine yake. Mratibu alivaa miwani tena, akatazama mistari, akanitazama mimi.

"Unaweza kuthibitisha kwamba ni siriba?" akauliza hatimaye. "Nisiwe na neno lako tu."

Hilo lilikuwa swali la haki, na nilimheshimu kwa kuliuliza. Nilikuwa nimelifikiria njia nzima. "Tusizing'oe," nikamwambia. "Kando ya kila pete iliyosiribwa tuweke pete safi, hatua moja tu. Mvua inyeshe juu ya zote. Kama samadi ya shambani ndiyo inayotoa, zitapanda pamoja. Kama ni siriba, zitaachana."

"Na zikipanda pamoja?"

"Nitakibeba kijitabu chako mwenyewe."

Nilisema kwa kujiamini. Nilipofika nyumbani kujiamini kule kulikuwa kumepungua, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli. Kama namba zingenigeuka, ningelazimika kwenda.

Tuliweka pete nne mpya. Kisha mvua ikakatika, kama inavyozoea kufanya kwetu baada ya Januari. Uwele ulijikunja majani. Kila siku niliendesha hadi Buigiri, nikatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa Mpwapwa na kutawanyika. Mama alipiga marufuku mtu yeyote kugusa pete. Alisimama na fimbo, akiwatukana mbuzi kwa Kigogo, na jirani alipouliza analinda nini akajibu, "Kesi yangu."

Ilinyesha katikati ya Februari, saa tisa alasiri, nikiwa palepale. Hatukukimbilia ndani. Tulingoja chini ya paa la zizi hadi ilipopungua, kisha nikaenda na vifuniko, yeye akinishikia vichupa katika upindo wa kanga yake visiloe, akivipanga kwa mpangilio niliomwonyesha bila kukosea hata kimoja. Tulipima siku hiyo na siku sita zilizofuata.

Majibu yalipokuja, mratibu hakuniita. Alikuja mwenyewe kwenye meza yangu na karatasi. Zilizosiribwa zilikuwa juu, si kama Desemba, lakini juu. Safi, hatua moja kando, zilipanda kidogo siku mbili, zikashuka. Zilifanana na zile nne alizotaka kuzifuta.

"Zimeachana," akasema.

"Zimeachana."

Alivuta kiti, akakaa, tukaandika upya ukurasa ule pamoja. Nilimlazimisha aandike pia mambo ambayo hayakunifurahisha: kwamba hili ni shamba moja, msimu mmoja, kwamba rundo la samadi lililolowana zizini hatujalipima, na huenda ndilo la kutazamwa, kwamba mpimaji alikosa kukagua pete. Alitaka kuliacha hilo la mwisho kwa kunionea huruma. Nikamwambia asinihurumie. Nikitaka namba yangu ndogo iaminiwe, na kosa langu lazima lisomwe kando yake.

Kwenye mkutano wa kuipitia ripoti, mjumbe mmoja alisema kiwango chetu ni kidogo mno na kwamba ni salama zaidi kutumia namba ya kawaida. Nilisimama kutoka kiti cha nyuma kabla mratibu hajafungua mdomo. Nilieleza pete, nikaeleza siriba, watu wakacheka mahali pa kuchekea, nikawasubiri wamalize. Kisha nikauliza ni salama kwa nani. Mratibu alisimama baada yangu, akasema ofisi yake inasimama na vipimo vilivyofanyika shambani. Namba yetu ikabaki. Sentensi ya samadi ikatolewa kwenye kijitabu.

Nilikwenda Buigiri kumpa mama habari hizo nikiwa na kijitabu kilichochapwa upya. Ilikuwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata, jua kali, upepo unabeba vumbi. Nilimkuta katikati ya njia itokayo zizini, kapu limejaa kichwani, mkono mmoja umelishika. Nyuma yake shamba lilikuwa tayari na mafungu ya samadi, moja baada ya jingine, hadi mpakani.

"Mama, shikamoo. Wamekubali. Hakuna atakayekukataza kutia samadi."

"Marahaba. Kwani kulikuwa na mtu ananikataza?"

"Walikaribia."

Alinitazama chini ya kapu, jasho likimtiririka kwenye shavu. "Angekuja huyo mtu, ningemwambia abebe kapu hili kwanza, akalitue shambani. Halafu aseme."

Nikasogea pembeni apite.